Namba Niliyoikata kwenye Daftari la Mto Ruvu

Wiki iliyopita nilikabidhi ufunguo wa stoo ya madaftari. Binti aliyeupokea, ambaye ndiye anayeshika nafasi yangu, aliziangalia zile rafu zilizojaa vumbi akaniuliza kwa adabu kwa nini makaratasi haya hayajachomwa moto, maadamu kila namba iliyomo imeshaingizwa kwenye kompyuta. Nilimjibu kwamba si kila namba. Nikamwahidi kumwandikia maelezo, kwa sababu nikiyasema kwa mdomo sifiki mwisho. Basi haya ni yake, na ni yenu nyote mnaobaki pale ofisini. Anayetafuta habari za vyeo vyangu hatazipata humu. Havikuwa vingi, na hakuna aliyezama wala kuokoka kwa ajili yavyo.

Jina langu mnalijua, Zuhura, mzaliwa wa Bagamoyo mjini. Baba yangu alikuwa na duka la kamba, misumari na rangi za vyombo vya baharini. Kabla sijapelekwa shule nilisoma chuo cha Kurani kwa bibi yangu mzaa baba, na kama watoto wengi wa pwani wa umri wangu, nilijua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla ya kukiandika kwa hizi za shuleni. Bibi aliandika hivyo barua zake zote, hata orodha ya viungo vya kununua sokoni. Nawaambieni hili mapema ili msije mkanitafutia udhuru.

Nilianza kazi Dar es Salaam miaka michache baada ya Uhuru, katika ofisi iliyohusika na upimaji wa mito. Siku ya kwanza nilipewa meza iliyokuwa nyuma ya mlango, kwa hiyo kila aliyeingia alinigonga kiwiko. Nikapewa rula, penseli nyekundu, na fungu la madaftari yenye harufu ya moshi na samaki. Yalikuwa madaftari ya wasomaji wa vipimo, watu wa vijijini waliolipwa posho kusoma kimo cha maji asubuhi na alasiri, kila siku ya Mungu, na kuandika. Kazi yangu ilikuwa kunakili namba zao kwenye karatasi kubwa na kuzungushia kwa nyekundu zile zilizoonekana na kasoro.

Mkubwa wangu alikuwa mhandisi mmoja mtu wa Lushoto, Ndugu Lukindo. Alikuwa mrefu, mpole, na mbishi wa kimyakimya. Wiki yangu ya pili alinikuta nanakili kwa kasi, akaichukua penseli mkononi mwangu.

"Bi Zuhura, umeshauona mto huu unaouandika?"

"Ruvu? Nimeuvuka kwa kivuko nikiwa mtoto."

"Kuuvuka siyo kuuona. Kesho vaa viatu vya matope."

Kesho yake tukapita Mapinga na Zinga kwa gari la ofisi, tukavuka mji wetu, tukaingia barabara ya vumbi hadi bondeni, mahali ambapo Ruvu imeshachoka na milima na inakwenda polepole kutafuta bahari. Pale kwenye ukingo zilisimama nguzo kama ngazi, kila nguzo na ubao wake uliochorwa futi na inchi. Nguzo ya mwisho juu kabisa iliishia futi ishirini. Na pale palikuwa na Mzee Mrisho.

Alikuja mtoni amevaa kanzu na kofia kana kwamba anakwenda msikitini. Nilimwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyu binti wa nani?"

Nikamtajia baba na babu. Akacheka. Kamba ya ng'ombe wake, alisema, ilitoka dukani kwetu na ilikatika wiki ya pili. Kisha akanifundisha kazi yangu, maana Ndugu Lukindo alimwachia yeye. Akanionyesha kwamba maji yenye mawimbi husomwa juu na chini, ukachukua katikati. Akanionyesha kwamba ubao wenye utelezi wa kijani hudanganya, lazima uufute kwanza. Ndugu Lukindo alipokanyaga ukingo karibu mno, mzee alimkaripia kama mtoto, na mhandisi wangu akarudi nyuma.

Tangu siku ile daftari lake nililifungua kabla ya mengine. Namba aliandika kwa tarakimu za ofisi, nzuri, zimenyooka. Lakini pembeni ya ukurasa, kwa herufi za Kiarabu, aliandika mambo yake. "Leo kiboko kalala chini ya ubao, nimesoma kwa mbali." "Mpunga umechanua." "Mwanangu Mwanahawa ameposwa, tuombeeni kheri." Mara nyingi ilikuwa dua tu, fupi, ya kumshukuru Mungu kwa siku. Hakuna mwingine ofisini aliyeweza kuyasoma, na mwanzoni nilifurahi kuwa na barua yangu ya siri kila mwezi. Nilipomrudishia daftari jipya nilimwekea kikaratasi chenye salamu, kwa herufi zilezile. Akaanza kuniandikia "mwanangu karani".

Miaka ikaenda, vituo vikaongezeka, madaftari yakawa mengi. Sikumbuki ni mwezi gani niliacha kusoma pembeni. Ndivyo jambo la namna hii linavyoachwa, hakuna siku unayoamua.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini ikaja kompyuta. Haikuwa yetu. Ilikuwa katika jengo la ofisi nyingine mjini, ndani ya chumba chenye baridi kiasi kwamba wanawake tuliokwenda kule tulijifunga khanga mbili mabegani, nje jua likichoma. Tuligawiwa saa chache za alasiri kwa wiki. Ninyi mnaolalamika kwamba mashine yenu ni nzito, sisi tuliipelekea namba kwa kadi ngumu za karatasi, zilizotobolewa matundu kwa mashine yenye kelele kama cherehani mbovu. Tundu moja likikosewa, mto mzima unageuka wazimu. Kadi zilipangwa ndani ya sanduku refu, na juu ya ukingo wake nilichora mstari wa mshazari kwa wino, ili zikimwagika nijue kuzipanga tena kwa kufuata mstari. Zilimwagika mara mbili. Mara ya kwanza nililia.

Ndugu Lukindo alikuwa ametoka masomoni ng'ambo na wazo lililomkosesha raha. Alitaka kutengeneza mto wa hesabu. Aliuita kielelezo. Unaiambia kompyuta mvua iliyonyesha milima ya Uluguru, mteremko wa ardhi, na jinsi mto ulivyopanda na kushuka miaka iliyopita. Kisha unaiuliza mambo mawili. Mvua ya leo mlimani itafika lini kule bondeni, na kwa kimo gani? Na katika mwaka mbaya kuliko yote, maji yanaweza kufika wapi?

"Tukilijua hilo," aliniambia, "hakuna mtu atakayejenga nyumba kwenye njia ya maji. Hata mmoja."

Kielelezo kilikula kila kilichoandikwa. Ilibidi nichukue madaftari yote ya zamani, hata ya kabla sijaajiriwa, nihakiki kila ukurasa na kuuweka kwenye kadi. Wakati huohuo nchi ilikuwa inahama kutoka futi kwenda mita, kwa hiyo kila namba niliigeuza. Humu nitataja futi tu, nisiwachoshe kama nilivyochoka mimi.

Katika kazi hiyo nikafika kwenye daftari moja la Mzee Mrisho la masika ya mwaka mmoja kabla sijaanza kazi, mimi nikiwa shule ya bweni Tanga. Namba zilipanda vizuri, kumi na tano, kumi na nane, kumi na tisa na nusu. Halafu, siku moja, ishirini na sita. Kesho yake kumi na tisa tena.

Niliitazama ile ishirini na sita. Ubao wake unaishia ishirini. Mtu atasomaje futi ambazo ubao hauna? Nikajiambia mzee amekosea, amekusudia kumi na sita, au mkono umemteleza. Kanuni ya ofisi ilisema namba yenye mashaka iulizwe kwanza kwa msomaji. Lakini barua hadi kule ilichukua wiki tatu kwenda na kurudi, na saa zetu za kompyuta zilikuwa Alhamisi. Pembeni palikuwa na maandishi yake, marefu kuliko kawaida. Niliyaona. Nilidhani ni dua. Nikachukua rula na penseli nyekundu, nikaikata ile namba, nikaweka wastani wa jana yake na kesho yake. Kadi ikatobolewa. Haikunichukua dakika mbili.

Mwaka uliofuata watu wa bonde lile walitakiwa kukusanyika katika kijiji kipya, karibu na shule na zahanati. Ofisi yetu ikaombwa kuonyesha mahali salama. Kompyuta ikajibu kwamba katika mwaka mbaya kabisa maji yangefika kidogo juu ya futi ishirini. Ndugu Lukindo, mtu wa tahadhari, akaongeza, akaweka mstari kwenye ishirini na mbili. Tulikwenda wenyewe kupigilia vigingi vyekundu, na kukawa na mkutano.

Watu walinung'unika. Walizoea kulima bondeni na kulala mlimani, mbali. Mzee Mrisho akasimama. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na bintiye Mwanahawa, aliyekuwa sasa mke wa mtu na mama, alisimama karibu yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimsomea ubao siku hizi, na baba akiandika.

"Ndugu mhandisi," alisema mzee, "mimi nakumbuka maji yalipita hapa tulipokaa."

Ndugu Lukindo akamwonyesha karatasi kwa heshima, akaeleza habari ya mashine, mvua za milimani na miaka yote iliyohesabiwa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo mashine imepewa daftari langu?"

"Imepewa, mzee. Yote, tangu la kwanza."

"Na siku ile ya gharika imo?"

Ndugu Lukindo akanigeukia mimi. Nami, mbele ya watu wale wote, nikasema, "Madaftari yako yote yamo, mzee wangu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi ikiwa imesoma niliyoyaandika kwa mkono wangu na bado inasema hapa ni salama, huenda kumbukumbu yangu ndiyo imezeeka." Akawageukia wenzake. "Tujengeni."

Nyumba yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza.

Njiani kurudi, tulipokuwa tunapita Zinga, ile ishirini na sita ilinijia. Ilikaa nami mpaka Mapinga. Nikajiambia Jumatatu nitalitoa daftari stoo niliangalie tena. Jumatatu kulikuwa na kazi za Wami, wasomaji wa upande wa Miono walikuwa wamechelewesha madaftari, na sikulitoa. Sikulitoa Jumanne wala mwezi uliofuata.

Masika ya mwaka wa tatu wa kijiji kile yalikuwa mazito. Simu zikaja kutoka Morogoro kwamba milimani mvua haikatiki. Tulitoboa kadi, tukaomba saa za ziada, tukaendesha kielelezo. Kilisema maji yatafika futi kumi na tisa na kuanza kushuka. Nilipiga taipu tangazo la kupelekwa wilayani kwa mkono wangu. "Maji yatapanda lakini hayatafika kwenye vigingi. Mifugo ipandishwe juu. Watu wasiwe na hofu wala wasihame." Tukaomba pia kipimo kisomwe kila saa na kitumwe kwetu, kwa sababu Ndugu Lukindo alitaka kulinganisha mto wa hesabu na mto wa maji. Polisi mmoja akawekwa shuleni kijijini na simu ya upepo, Mwanahawa asome, polisi atume, na mimi nipokee kwenye simu ya ofisi kutoka kituo kikuu cha polisi.

Ya kwanza iliingia saa kumi na mbili asubuhi, futi kumi na saba. Saa moja, kumi na nane na nusu. Ndugu Lukindo akasema, "Inakaribia kilele." Saa mbili, ishirini. Akachukua karatasi ya kompyuta, akaikunjua mezani, akaanza kuifuata kwa kidole mstari kwa mstari.

Saa tatu simu ililia. Sauti ya yule aliyekuwa akinifikishia ujumbe ilikuwa ya kawaida kabisa. "Andika. Ubao umezama wote. Msomaji anasema anapima kwa kamba kutoka kwenye msumari ulioko kwenye mkwaju, kama baba yake alivyofanya zamani. Futi ishirini na mbili."

Kama baba yake alivyofanya zamani. Nilijua palepale.

"Ndugu Lukindo," nilisema, "watu watoke. Watoke sasa hivi. Mto huu umewahi kufika ishirini na sita."

"Nani amesema?"

"Mzee Mrisho aliandika. Mimi niliikata."

Alininyang'anya simu, akapiga kelele niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, kwamba kila mtu apande mlimani, aache kila kitu. Ujumbe ule ulipita kwa watu watatu kabla ya kufika shuleni. Saa nne Mwanahawa alileta namba nyingine, ishirini na tatu na nusu. Maji yalikuwa yameshapita vigingi, yako ndani ya nyumba za chini, na watu walikuwa wanatoka wakibebana. Yeye angekuwa ametoka zamani, lakini ofisi ilikuwa imeomba kipimo kila saa. Alimpa polisi ile karatasi, akasikia kuwa bibi mmoja jirani yao hajatolewa, akarudi. Kuta zilikuwa za udongo, zimelowa tangu asubuhi. Ukuta ukawaangukia wote wawili.

Saa tano simu haikulia.

Kijiji kile kilipoteza watu watatu, Mwanahawa, yule bibi, na mvuvi mmoja aliyejaribu kuvusha watu kwa mtumbwi. Magazeti yalisema mengi, kisha yakaacha.

Maji yalipopungua niliingia stoo nikalitoa daftari. Ile ishirini na sita ilikuwa palepale chini ya mstari wangu mwekundu, ulionyooka, wa rula. Nikasoma pembeni. "Leo maji yamepita ubao. Nimepima kwa kamba mpaka kwenye msumari nilioupigilia kwenye mkwaju, nikahesabu mara tatu. Namba hii ni kweli wallahi, msiistaajabie."

Nilimpelekea Ndugu Lukindo, nikamsomea. Aliufunika uso kwa mikono.

"Nani mwingine hapa ofisini anajua kusoma maandishi haya?" aliuliza.

"Hakuna."

Nilielewa alichokuwa akikifikiri, na naamini yeye mwenyewe alikionea haya. Taarifa ilikuwa inaandikwa. Katika wiki ile alitia maneno yote mawili, kwamba mvua zilikuwa kubwa na kwamba namba moja ya zamani ilifutwa kimakosa. Waliokuwa juu yetu wakalibakiza la kwanza. Mimi sikufukuzwa wala kukaripiwa. Nilihamishiwa meza iliyokuwa dirishani, na wenzangu wakanipongeza kwa kupata upepo.

Nikaomba ruhusa, nikaenda kwa Mzee Mrisho peke yangu na lile daftari. Nilimkuta mlimani kwa ndugu yake, amekaa kwenye mkeka barazani. Macho yalikuwa yamekwisha karibu yote.

"Shikamoo mzee wangu. Ni Zuhura."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umekuja kutupa pole."

"Nimekuja kwa pole, na kwa jambo jingine."

Nikamweleza. Nilieleza kwa mpangilio, kama anavyoeleza mtu mbele ya hakimu, namba, rula, wastani, Alhamisi, jibu langu mkutanoni. Nikaweka daftari mapajani pake. Akapapasa ukurasa, kidole kikapita juu ya maandishi asiyoweza kuyaona tena, naye akayasema kwa moyo, neno kwa neno, mpaka "msiistaajabie".

"Ofisini walikuwa hawajui kusoma herufi hizi," alisema.

"Mimi nilijua."

"Ulijua, lakini hukuziona."

"Niliziona, mzee. Sikuzisoma."

Ndani ya nyumba mtoto wa Mwanahawa alikuwa analia na mtu anambembeleza. Mzee alisikiliza mpaka mtoto aliponyamaza.

"Mkutanoni," alisema, "mimi nilikumbuka. Nilikumbuka kabisa, kama ninavyokumbuka jina langu. Nikaiacha kumbukumbu yangu kwa sababu uliniambia madaftari yangu yote yamo. Nikawaambia watu wajenge. Wananiamkia mpaka leo, karani, lakini hawakai nami."

Hakuniita mwanangu. Hakuniita hivyo tena kwa miaka kadhaa.

"Unataka nifanye nini, mzee?"

"Irudishe namba yangu."

Nilirudi Dar es Salaam nikatoboa kadi ile upya, moja tu, nikaichomeka mahali pake sandukuni. Alhamisi tukaendesha kielelezo. Mashine ilipomaliza kuchapa, Ndugu Lukindo alichora mstari mpya kwenye ramani, nao ukapita juu ya kijiji kizima, juu ya shule, juu ya zahanati, karibu kabisa na pale wazee walipokuwa wakilala zamani. Kompyuta haikuwa na kosa lolote. Ilijibu kweli ilipoambiwa kweli. Ndugu Lukindo alitoka nje ya kile chumba cha baridi akasimama juani, na nilipomfuata aliniomba nimwache.

Kijiji kilihamishwa. Ndugu Lukindo aliomba kuondoka mwaka uleule, akaenda kufundisha hesabu shule moja huko kwao, na barua zake kwangu zilikuwa fupi. Mimi nilibaki. Sijui kama ilikuwa ujasiri au kukosa pa kwenda. Nilichokifanya ni hiki, na ndicho ninachowaachia. Nilipitia kila daftari stoo, la Ruvu na la Wami, nikitafuta kila namba iliyokatwa kwa nyekundu, yangu na ya wengine, nikasoma kila kilichoandikwa pembeni. Ilinichukua miaka. Nyingi kweli zilikuwa makosa. Chache hazikuwa. Kwenye kompyuta yenu utaona namba safi tu, hutaona mtu alisimama wapi alipoisoma, wala nani aliifuta na alikuwa na haraka gani. Hayo yamo stoo peke yake. Binti yangu, usichome.

Mzee Mrisho aliendelea na kazi ya kipimo, mkwewe, aliyekuwa mume wa Mwanahawa, akimsomea na kumwandikia. Madaftari yao yalikuja kila mwezi, tarakimu tupu. Miaka ya sabini ilipokuwa inaishia alitangaza kwamba amechoka na atamwachia mkwewe kazi yote. Siku ya kuja kusaini makaratasi ofisini, mkwewe alimshika mkono akampandisha ngazi mpaka kwenye meza yangu.

"Zuhura yupo?"

"Nipo, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba." Akakaa. Akauliza kuhusu baba yangu, kama bado anauza kamba mbovu. Nikasema baba ameshatangulia mbele ya haki. Akamwombea. Kisha akasema, "Nataka kuuliza jambo la ile mashine. Namba za siku ile, alizosoma Mwanahawa, zimo?"

"Zimo."

"Mtu anaweza kuzipata kwenye karatasi?"

Nilikwenda kuziomba, na kwa mara ya kwanza tangu niijue ile kompyuta hawakunisubirisha. Nilirudi na karatasi moja yenye mistari mitano. Akaipokea kwa mikono miwili, akaipapasa, lakini maandishi ya mashine hayana alama ya kuguswa kwa kidole. Akanirudishia.

"Nisomee, mwanangu."

Mkwewe alikwenda kusimama dirishani, akatupa mgongo. Nikasoma. Saa kumi na mbili, futi kumi na saba. Saa moja, kumi na nane na nusu. Saa mbili, ishirini. Saa tatu, ishirini na mbili, kwa kamba. Saa nne, ishirini na tatu na nusu.

Niliposita, aliinua mkono kidogo, akainamisha kichwa upande wangu kama mtu anayengoja ya saa tano.